Mstari Juu ya Majina Ishirini na Tisa

MAELEZO YA SHAHIDI

Yameandikwa katika kituo cha polisi, chumba namba 4 cha upelelezi, Jumanne tarehe 24 Machi, kuanzia saa tatu na dakika ishirini asubuhi.

Shahidi: anajulikana kazini kama Mama Mashine.
Umri: miaka 36.
Kazi: karani wa kuskani nyaraka, ofisi ya ardhi, kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja.
Makazi: nyumba ya kupanga nyuma ya kiwanda cha magodoro, mlango wa tatu.

Shahidi ameonywa aseme kweli. Amejibu kwamba hakuitwa na mtu, amekuja kwa miguu yake.

Mimi ndiye mwenye mashine. Nianzie hapo, kwa sababu ofisini kwetu mtu akisema mashine imeharibika ananitazama mimi, kana kwamba nimeizaa. Afande ameniomba nieleze kwa mpangilio na nisiruke kitu. Nitajitahidi, ila mimi ni mtu wa maneno, anivumilie.

Kazi yangu ni kuhamisha nyaraka za zamani ziingie kwenye kompyuta. Chumba chetu kiko chini kabisa, mlango wa mwisho ukishashuka ngazi, na tulikuwa wawili tu: mimi na mtunza masijala, ambaye wote tunamwita Mzee Kabrasha. Ameyatunza yale majalada miaka ishirini na minane, na alibakiza miezi mitano astaafu. Nilipoanza kazi miaka miwili iliyopita sikujua hata kufunga jalada kwa kamba. Yeye ndiye aliyenifundisha, bila kunidharau hata siku moja, mpaka nikamzoea nikawa namwita baba.

Mzee ana desturi moja ambayo lazima niieleze, maana ndiyo iliyomfikisha hapa. Katika Daftari la Viwanja, mtu akifariki au akihamisha haki yake, jina lake hukatwa. Mzee hakati ovyo. Huchukua rula yake ya mbao, akapiga mstari mmoja mwembamba kuanzia namba hadi safu ya mwisho, kisha pembeni huweka herufi zake na tarehe. Na akikata husimama. Aliwahi kuniambia kwamba kulifuta jina la mtu si kazi ya kufanya umekaa. Mimi nilikuwa namcheka, nikimwambia mgongo utamuuma bure.

Jumanne tarehe 3 Machi, saa nne asubuhi, Mzee aliniletea hilo Daftari la Viwanja. Lilikuwa limeshakatwa uti ili karatasi ziachane: karatasi arobaini na sita, pana, kila moja ina majina thelathini. Kwa sababu ya upana wake huingia mashineni kwa ubavu. Mzee aliniambia nisilifanyie haraka, na kila karatasi nikishaipitisha niilinganishe na picha yake kwenye kompyuta, jina kwa jina. Nilimjibu asiwe na wasiwasi.

Skana ina maradhi yake, nami nayajua yote. Karatasi ikikwama, hujang'oa pini zote au umeingiza yenye kona iliyokunjika. Ikivuta karatasi mbili kwa pamoja, zile rola za mpira zimechakaa au zina vumbi. Picha ikitoka nyeupe tupu, umeilaza kifudifudi, na hapo usimwite fundi utajiaibisha. Picha ikitoka na mstari mrefu, kuna uchafu. Wageni husugua kile kioo kikubwa cha juu hadi mkono uwaume na mstari hautoki, kwa sababu uchafu hauko pale. Uko kwenye kioo kingine chembamba, ndani ya kifuniko cha pembeni, ambacho karatasi hupita juu yake. Kitone kidogo pale, hata cha ukubwa wa chawa, kinachora mstari kwenye kila karatasi inayopita, kuanzia mwanzo hadi mwisho, mahali palepale.

Kwa hiyo kuna fomu ukutani. Kila asubuhi unafungua kile kifuniko, unafuta kioo, unasaini. Wiki ile nilisaini siku zote tano Jumatatu asubuhi, kalamu ikiwa bado mkononi. Sikukifuta hata siku moja.

Jumatano tarehe 4 Machi jioni nilikuwa na kikao cha harusi ya mdogo wangu. Saa nane mchana, Mzee alipotoka kwenda kula, nilipaka kucha rangi nikiwa mezani huku mashine ikivuta karatasi za daftari. Rangi yenyewe ilikuwa nyekundu iliyoiva, karibu nyeusi. Nilikuwa mkono wa pili mashine iliposimama na kulia. Karatasi ya kumi na nane ilikuwa imekwama. Nilifungua kifuniko, nikaichomoa kwa ncha za vidole, na nikahisi ukucha wa kidole cha shahada umegusa kitu. Nilichosikitikia ni ule ukucha. Niliupaka upya, nikafunga kifuniko, nikairudisha ile karatasi mwanzoni, nikabonyeza kitufe cha kuendelea. Karatasi zilizobaki zilipita zote bila kukwama, nami nikafurahi kwamba nitawahi kikao.

Alhamisi tarehe 5 Machi, kabla ya saa mbili asubuhi, nilipitisha mashineni cheti cha kuzaliwa cha binti yangu, kwa ajili ya shule. Hairuhusiwi kutumia mashine kwa mambo ya nyumbani. Nakala ilitoka na mstari kutoka juu hadi chini. Nilidhani ni wino wa printa, nikaikunja nikaitia kwenye mkoba.

Siku hiyo hiyo saa nne nilisaini fomu ya uhakiki wa daftari. Fomu inasema: nimelinganisha kila karatasi na picha yake na nimeridhika. Mimi nilichofanya ni kuzitazama zile picha ndogondogo zinazojipanga kwenye kompyuta, ambazo hata herufi husomi. Nilihesabu zikafika arobaini na sita, nikasaini. Mzee aliniuliza kama nimeona majina kwa macho yangu. Nikamwambia nimeyaona yote. Basi naye akaamini, akaandika ruhusa ya karatasi kuharibiwa, kwa sababu utaratibu ni kwamba hawezi kuandika ruhusa mpaka aone saini yangu.

Ijumaa tarehe 6 Machi, saa mbili na nusu asubuhi, karatasi zote za daftari ziliingizwa kwenye mashine ya kukatakata. Zilitoka magunia mawili.

Saa tano fundi alikuja. Nilikuwa nimemwita kwa sababu nyingine, mashine ilikuwa inavuta karatasi mbilimbili. Alisafisha rola, akafungua kifuniko cha pembeni, akainama kutazama. Kisha akakwangua kioo kwa ukucha na kukifuta kwa spiriti, akanionyesha kitambaa. Alicheka, akasema, "Dada, hii ni rangi ya kucha. Karatasi zote ulizopitisha tangu ilipogusa zina mstari. Kazipitie." Nikacheka naye. Nilimwomba asiandike hilo kwenye karatasi yake ya kazi, akaandika tu kwamba rola zimesafishwa. Ni kijana mwema, alinihurumia, naomba asije akaadhibiwa kwa hilo.

Alipoondoka nilifungua picha za daftari. Karatasi ya kwanza hadi ya kumi na saba zilikuwa safi. Kuanzia ya kumi na nane hadi ya mwisho, ishirini na tisa zote, mstari mweusi mwembamba ulikuwa umepita juu ya jina la kumi na moja. Umenyooka, kuanzia namba hadi safu ya mwisho, kana kwamba umepigwa kwa rula. Programu yetu ya kuhifadhi picha hukata yenyewe kingo nyeupe za karatasi, kwa hiyo pale mstari ulipotoka nje ya jedwali hapakuonekana. Ijumaa ile, saa tano na nusu, nilijua kwamba mstari wangu umekata majina ya watu ishirini na tisa na kwamba karatasi za kuthibitisha ziko kwenye magunia.

Afande ameniuliza kwa nini sikusema hapo hapo. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi wa nne. Lakini kusema kweli haikuwa mkataba peke yake. Nilimwona Mzee amekaa pale anakula chungwa, ananimenyea na mimi nusu yangu kama kawaida, nikashindwa. Nilijiambia nani husoma madaftari ya zamani. Nikaamua kufunika kombe mwanaharamu apite.

Jumatatu tarehe 9 Machi nilifanya baya zaidi. Barua na fomu nyingine nilizopitisha siku zile mbili nazo zilikuwa na mstari, ila karatasi zake zilikuwa bado zipo. Nilizipitisha upya zote na kuzifuta zile picha mbovu kwenye kompyuta. Mzee aliniona nimejiinamia kazini hadi jioni. Alinisifu kwa bidii.

Jumatatu tarehe 16 Machi orodha mpya ya wenye viwanja ilibandikwa kwenye ubao wa nje. Makarani wa juu waliichapa kwa kufuata picha zangu, na jina lililokatwa hawakulichapa. Saa tatu tu watu walikuwa wameshajaa kwenye ngazi. Mmoja alikuwa mkunga mstaafu, mama mtu mzima, amebeba mkoba wake kifuani. Kwetu jina likikatwa watu hujua mwenyewe amekufa au amehamisha, na yeye hajahamisha. Alisimama dirishani kwetu, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nimekuja kumwona aliyeniua." Watu walicheka. Mzee alitoka akampa kiti chake akae.

Jumatano tarehe 18 Machi, saa nne kamili, tuliitwa ofisini kwa bosi, mimi na Mzee. Bosi alikuwa amechapisha zile karatasi ishirini na tisa na kuzitandaza mezani. Alisema mistari hiyo kila mtu anaijua ni ya nani, kwa sababu ofisi nzima ni mtu mmoja anayekata kwa rula. Alisema kuna watu wanavitaka vile viwanja, na Mzee karibu anastaafu, na safari hii hakuweka herufi zake pembeni ili ajifiche. Mzee alivaa miwani, akazitazama karatasi moja baada ya moja, zote, na sisi tukimsubiri. Mwisho akasema hajawahi kukata jina bila kusaini, na kama si yeye basi hajui ni nani.

Kisha akanigeukia. Haya maneno yake nayakumbuka yote. Alisema, "Binti yangu, wewe ndiye ulizitazama moja moja. Zilipofika mkononi mwako, mistari hii ilikuwepo?"

Nikasema, "Ilikuwepo, baba."

Hakunibishia. Alivua miwani, akaifuta na shati, akairudisha mfukoni. Naona alidhani labda kweli aliikata yeye akasahau, kwa uzee. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote, kwamba hakunishuku mimi, alijishuku yeye.

Alhamisi tarehe 19 alisimamishwa kazi. Alikuja asubuhi akakabidhi funguo, na alivyokuwa amechanganyikiwa aliacha miwani na rula yake kwenye droo. Ijumaa tarehe 20 Machi, mnamo saa sita mchana, nilisikia kwa mlinzi wa getini kwamba amekamatwa nyumbani kwake. Ofisini walianza kusema walikuwa wanamshuku siku nyingi. Mpishi wa kantini, ambaye Mzee alimsaidia kupata hati yake, alisema wanyamavu ndio wabaya. Mimi nilijitia hamnazo. Nilikaa chumbani peke yangu na mashine, na kila ikilia nilishtuka.

Jana, Jumatatu tarehe 23 Machi, saa tano asubuhi, mke wa Mzee alikuja ofisini. Nilikuwa sijawahi kumwona, ila alinijua kabla sijafungua mdomo. Alisema Mzee amemwagiza vitu viwili. Cha kwanza ni miwani. Alisema hapa kituoni ameletewa maelezo yake ayasaini na amekataa, si kwa ukaidi, ila bila miwani hawezi kuyasoma, na yeye hasaini asichokisoma. Alisema askari mmoja alimkasirikia kwa hilo. Nilifungua droo nikampa miwani. Rula ilikuwa chini yake.

Cha pili kilikuwa hati ya nyumba yao. Alitaka nakala safi ya kuombea dhamana. Nikamwambia nakala hata dukani wanatoa. Akanijibu, "Amesema nikupe wewe, mwanangu. Amesema karatasi ikipita kwako imekaguliwa."

Nilifungua kile kifuniko cha pembeni, nikafuta kioo kwa spiriti, nikafuta tena. Nilikuwa natupia macho mlangoni, na mama wa watu akadhani naogopa bosi asinione, akaenda kusimama mlangoni anilindie. Hati ilipita. Nilitazama nakala herufi kwa herufi, kila muhuri, na haikuwa na hata doa. Alinishukuru. Aliniombea dua, kwamba na mimi nikipata shida nipate mtu kama mimi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Alipoondoka nilikaa nikajiuliza ushahidi uko wapi, kwa sababu nilikuwa nimeufuta mwenyewe. Ndipo nikakumbuka cheti cha binti yangu. Nilipofika nyumbani niliitafuta ile nakala, nikaikuta nimeitandika kwenye droo ya vijiko. Ina madoa ya mafuta lakini mstari unaonekana wote, kutoka ukingo hadi ukingo, maana nakala hiyo haikupitia ile programu inayokata kingo. Nilikuwa nimechukua rula ya Mzee kwenye droo yake, pamoja na karatasi moja tupu ya daftari lile lile ambayo haikutumika. Ziko kadhaa kabatini. Mashine yetu huegemeza kila karatasi kwenye ukingo uleule, ndogo au kubwa. Nilipima. Kwenye cheti, mstari uko sentimita kumi na mbili kutoka ukingoni. Kwenye karatasi tupu ya daftari, kutoka ukingo wa juu hadi katikati ya nafasi ya jina la kumi na moja, ni sentimita kumi na mbili. Nilipima mara tatu, na ya tatu nilipima nimesimama.

Mume wangu aliniuliza napima nini. Nilimweleza yote. Akaniuliza kama najua nitapoteza kazi, na huenda na mimi nikalala ndani. Nikamwambia najua. Akasema basi atampeleka binti shule asubuhi mimi niwahi huku. Hakunilaumu, na mimi nilikuwa nataka anilaumu.

Nimeleta vitu vitatu na nimemkabidhi afande: nakala ya cheti, karatasi tupu ya daftari, na rula. Fundi anaweza kuulizwa, naye atasema alichokiona. Fomu ya usafi iko ukutani bado, saini zangu tano zinafanana wino, mtu yeyote ataona ziliandikwa pamoja. Daftari lenyewe halirudi. Lakini majina hayakukatwa na mtu, na yanasomeka chini ya mstari, yote ishirini na tisa, na huyo mama mkunga ni wa karatasi ya thelathini na moja.

Mzee Kabrasha hakukata jina hata moja kati ya hayo. Niliposema mbele ya bosi kwamba mistari ilikuwepo nilisema uongo, nikiwa na akili zangu timamu, na nilimwita baba katika sentensi hiyo hiyo.

Nimeambiwa yuko chumba cha pili kutoka hapa. Sijaomba kumwona, sina uso wa kumwonyesha. Ninachoomba ni kwamba maelezo haya asomewe, au kama miwani imemfikia apewe ayasome mwenyewe, kwa sababu atataka kuyasoma mwenyewe.

Sina la kuongeza wala la kupunguza. Haya niliyoyasema ni yangu, na hakuna aliyenitia maneno mdomoni.

Saini ya shahidi: (imewekwa, kila ukurasa)

MAELEZO YA AFISA ALIYEANDIKA

Nimeyaandika maelezo haya kama yalivyosemwa. Nilipomaliza nilimpa shahidi asaini. Aliomba kwanza ayasome, akayasoma ukurasa kwa ukurasa kwa muda wa dakika hamsini na tano, ingawa nilimweleza kwamba watu wengine wanasubiri nje.

Katika ukurasa wa tatu, kwenye habari za Ijumaa tarehe 6 Machi, saa tano na nusu, nilikuwa nimeandika neno "sikujua", kama alivyolitamka mara ya kwanza. Shahidi aliomba kulirekebisha. Nilimwambia nina wino mweupe wa kufutia, akaukataa. Aliomba rula iliyo kwenye vielelezo, akasimama, akalikata neno hilo kwa mstari mmoja, akaandika juu yake "nilijua", na pembeni akaweka herufi zake na tarehe ya leo.